Mtu Anayesali Ndani ya Katriji

Mnamo Novemba 1998 kampuni ya Nintendo ya Japani ilitoa gemu iitwayo The Legend of Zelda: Ocarina of Time. Mchezaji akiingia katika hekalu la moto, lililo ndani ya mlima wa volkano, muziki unashuka chini na sauti za wanaume zinaanza kusikika kwa mbali, zikivuta maneno kwa mwangwi. Vijana wengi wa Marekani, Ulaya na Japani walizisikia sauti hizo wakapata walichokusudiwa kupata: woga kidogo, joto, hisia ya kuwa mahali pa kale pasipokuwa pao. Mtoto wa Ujiji aliyepitia madrasa angesikia kitu kingine. Angesikia jina la Mwenyezi Mungu. Wanaume wale hawakuwa wakimtisha mtu yeyote. Walikuwa kwenye ibada.

Hawakuitwa studio kwa ajili ya kazi hiyo. Mtunzi wa muziki wa gemu ile, Koji Kondo, alitumia sauti zilizokwisha kurekodiwa na kuuzwa kwenye CD za sampuli, yaani mikusanyiko ya vipande vya sauti ambavyo mnunuzi anaruhusiwa kuvipachika kwenye kazi yake: ngoma hapa, filimbi pale, mwanamke anayeomboleza, mwanaume anayesali. Nintendo ilikuwa na kanuni yake ya kutoingiza mambo ya dini kwenye michezo, na nakala za baadaye zilibadilishwa. Mahali pa wale wanaume ikawekwa kwaya iliyotengenezwa kwa mashine. Nakala za mwanzo zilibaki mikononi mwa waliowahi kuzinunua. Katika orodha ya majina inayopita mwishoni mwa gemu, wanaume wale hawamo.

Nimekaa na kisa hiki kwa miaka kadhaa, kwa sababu riziki yangu inatokana na kukata na kuunganisha sauti, na kwa sababu nimetoka Buhigwe, wilaya ya milimani inayopakana na Burundi, mahali ambapo kusikiliza nyimbo za lugha za watu ni jambo la kila siku. Watu wa rika langu wakizungumzia muziki wa gemu wa mwishoni mwa miaka ya tisini huzungumzia uzuri wake, na wana haki. Ndiyo miaka iliyoleta Final Fantasy VII, Metal Gear Solid, Xenogears na Chrono Cross. Lakini ndiyo pia miaka ambayo gemu zilianza kuwa na sauti ya binadamu anayeimba, na mara nyingi zilipofungua mdomo zilichagua lugha ambayo mchezaji haielewi. Hilo la pili ndilo linalonishughulisha hapa, maana Kiswahili nacho kilikuja kupata zamu yake.

Kwanza tuone kwa nini sauti ya mtu ilichelewa kuingia. Mashine ya Famicom, iliyotoka Japani mwaka 1983, ilikuwa na njia 5 tu za sauti, na mtunzi alifanya miujiza kwa milio inayofanana na ya saa ya mezani. Mrithi wake wa mwaka 1990, Super Famicom, alikuwa na njia 8 na kumbukumbu ya sauti ya kilobaiti 64. Picha moja unayomtumia rafiki yako kwa WhatsApp leo kwa kawaida ni nzito kuliko hiyo. Ndani ya nafasi ile ilibidi ngoma, zeze, tarumbeta na kishindo cha upanga vyote vikae kwa kubanana kama abiria wa Noah ya Manyovu siku ya gulio. Mtu wa kuimba angekaa wapi?

PlayStation ilipotoka Desemba 1994 ilikuja na njia 24, kilobaiti 512 za sauti, na zaidi ya yote ilikuja na CD, yenye nafasi ya takribani megabaiti 650. Nintendo walibaki na katriji. Ocarina of Time nzima, pamoja na milima, farasi, mahekalu na muziki wake, ilienea katika megabaiti 32. Ukiyajua hayo, utaelewa kwa nini kipande cha mtu anayesali kilikuwa na thamani kubwa kwa Kondo. Ni sekunde chache tu. Unaweza kukirudia, kukishusha, kukiongezea mwangwi, na kikajaza jengo zima. Huyu ndiye mtunzi ambaye katika gemu hiyohiyo alimpa mchezaji filimbi ya nota 5 na kumtungia humo nyimbo ambazo watu wanazipiga mpaka leo. Alijua kubana matumizi. Mtu anayesali alikuwa malighafi nyepesi inayotoa mzigo mzito.

Upande wa PlayStation, nafasi ilipopatikana, walichofanya nayo kinaonyesha tabia hiyohiyo. Final Fantasy VII ilitoka Japani tarehe 31 Januari 1997 ikiwa kwenye CD 3. Mtunzi wake, Nobuo Uematsu, aliuacha muziki mwingi upigwe na chipu ya mashine yenyewe, kwa sababu kuusoma moja kwa moja kutoka kwenye CD kungemchelewesha mchezaji. Hivyo kwa saa nyingi za mchezo unasikia vyombo tu. Kisha unafika kwenye pambano la mwisho na adui mkubwa, Sephiroth, na hapo kwaya inalipuka. Wimbo unaitwa "One-Winged Angel". Uematsu ameeleza kwamba aliutunga kwa kuandika vipande vifupivifupi siku baada ya siku, kisha akavipanga kama mtu anayeunganisha picha iliyokatwa. Maneno nayo yalipatikana kwa namna hiyo. Yalichukuliwa kutoka mashairi ya Kilatini ya enzi za kati yajulikanayo kama Carmina Burana, yakapachikwa mahali yanapolingana na mdundo.

Wazee wa Kikatoliki wa Buha wanakijua Kilatini kwa namna yao. Kabla ya mabadiliko ya miaka ya 1960, misa katika misioni kama Kabanga, karibu na Kasulu, iliimbwa kwa lugha hiyo, na watu walioitikia kwa Kiha nyumbani waliitikia kwa Kilatini kanisani bila kudai tafsiri ya kila neno. Walichofanya Uematsu na wachezaji wake kwa hiyo si kigeni kwetu. Lugha usiyoielewa ikiimbwa na watu wengi kwa pamoja inakuambia kwamba kuna jambo kubwa linatokea, hata kabla hujajua ni jambo gani. Kichekesho ni kwamba mashairi yale ya Carmina Burana mengi si ya ibada hata kidogo. Ni ya wanafunzi na makasisi wa kutangatanga, wanaolalamikia bahati, kusifu pombe na kutamani wasichana. Katekista mzee aliyekijua Kilatini vizuri angeketi mbele ya skrini ile, malaika wa bawa moja akiteremka kutoka mbinguni, akaguna.

Lakini hakuna wa kuumia. Kilatini cha namna ile hakina kijiji. Hakuna bibi anayekitumia kumwita mjukuu aje kula.

Mwaka uliofuata mambo yalibadilika kidogo. Metal Gear Solid ya kampuni ya Konami, iliyotoka Septemba 1998, ni gemu ya askari mmoja anayepenya kwenye ngome ya silaha za nyuklia. Mchezo umejaa chuma, theluji na kunong'ona. Unapokwisha, unaimbiwa na mwanamke kwa lugha ambayo wachezaji wengi hawakuweza hata kuitaja jina. Wimbo huo, "The Best Is Yet to Come", uliandikwa na Rika Muranaka wa Japani na kuimbwa kwa Kiairishi na Aoife Ní Fhearraigh, mwimbaji wa Ireland. Hiki kina vijiji. Ni lugha iliyosukumwa na Kiingereza kwa karne nyingi hadi kando ya bahari ya magharibi, na wanaoizungumza wanajua wamebaki wangapi na wanaishi wapi. Tofauti na wanaume wa hekalu la moto, mwimbaji huyu aliitwa kwa jina lake, akaimba maneno aliyoyajua maana, na jina lake likaandikwa. Mchezaji wa Osaka au Texas hakuelewa neno, lakini mtu wa Donegal akiusikiliza anakuta mlango uko wazi na ndani kuna mtu.

Nikiziweka gemu hizi tatu pamoja naona njia tatu ambazo muziki wa miaka ile uliitumia lugha ya wengine. Ya kwanza ni kuchukua lugha isiyo na wenyewe waliobaki. Ya pili ni kumwita mwenyewe aje aimbe. Ya tatu ni kununua sauti yake ikiwa imekatwa, bila jina, kama vile mtu anunuavyo kuku asiye na kichwa. Zote tatu zilizaa muziki mzuri. Uzuri pekee hauwezi kukuambia ni ipi uliyonayo masikioni.

Sasa nirudi kwetu, kwa sababu ningekuwa nadanganya kama ningeandika kana kwamba tulikuwa tunapigania lugha zetu huku wengine wakizichezea.

Gemu hizi hazikutufikia mwaka zilipotoka. Televisheni ilianza Tanzania Bara mwaka 1994 tu, na mwishoni mwa miaka ile ya tisini Buhigwe haikuwa hata wilaya. Ilikuwa sehemu ya Kasulu, na ilikuja kugawanywa mwaka 2012. Tulikuwa na redio za betri. Betri zikichoka tulizianika juani juu ya bati, zikapata uhai wa jioni moja. Na redio ilipiga bolingo. Mwaka 1997, Final Fantasy VII ilipokuwa inauzwa Tokyo, kwetu uliokuwa unauzwa ni Koffi Olomide na "Loi". Mwaka 1998, Kondo alipokuwa anamalizia filimbi yake, sisi tulikuwa tunavunjika viuno kwa Awilo Longomba na "Coupé Bibamba". Kilingala hatukukijua. Tuliimba kwa kubahatisha, kila mtoto na maneno yake, na aliyeimba kwa kujiamini ndiye aliyehesabiwa kuwa anajua.

Na hiyo ilikuwa lugha ya mbali. Za karibu zilikuwepo tele. Vita vya Burundi vilivyoanza mwaka 1993, na baadaye vya Kongo, vilileta watu kwa maelfu katika kambi za Kasulu na Kibondo: Mtabila, Muyovosi, Nduta, Mtendeli, Kanembwa, Nyarugusu. Kirundi hakikutusumbua, kwa kuwa Muha na Mrundi wakisalimiana "mwakeye" wanaelewana bila mkalimani. Lakini Wakongo walikuja na Kibembe na Kifuliru, na Kiswahili chenye lafudhi iliyotuchekesha, na kwaya. Nilipokuwa mdogo sikujua kwamba wimbo wa kanisani unatakiwa kueleweka. Nilidhani unatakiwa kusikika.

PlayStation niliiona mara ya kwanza Kasulu mjini, miaka ya mwanzo ya 2000, kwenye kibanda kilichoezekwa kwa turubai, nyuma ya soko. Jenereta ilikuwa nje, imefungwa kwa mnyororo kwenye mti. Ndani kulikuwa na televisheni mbili, mabenchi, na kijana anayekusanya shilingi hamsini hamsini na kukunyang'anya pedi ukipigwa. Gemu iliyotawala ilikuwa Tekken 3, ya mwaka 1997 kwenye mashine za mitaani na 1998 kwenye PlayStation. Kila mtu alimtaka Eddy Gordo, Mbrazili anayepigana kwa kucheza capoeira, kwa sababu ukibonyeza ovyoovyo miguu inaruka yenyewe na unashinda.

Sauti ya televisheni ilikuwa imezimwa. Mwenye kibanda alikuwa na redio kaseti yake, na kwenye redio hiyo alipiga alichopenda yeye. Alichopenda kwa muda mrefu kilikuwa Saida Karoli. Hivyo muziki wa Tekken 3 ninaoukumbuka mimi ni sauti ya binti wa Kagera, ngoma za Kihaya chini yake, wakati Eddy anazunguka kichwa chini miguu juu. "Maria Salome", wimbo ambao watu wengi waliuita "Chambua Kama Karanga", uliivuma Tanzania nzima kuanzia mwaka 2001. Sehemu kubwa ya nyimbo za Saida ni Kihaya. Wapemba waliimba, Wachaga waliimba, Waha tuliimba, na wachache sana kati yetu waliojua zaidi ya maneno ya Kiswahili yaliyomo. Nilipokuja kuusikia muziki halisi wa Tekken 3 kwenye YouTube, miaka kumi na zaidi baadaye, niliuona mzuri sana, wa haraka, wenye magitaa makali, na nikauona pia kama wa gemu nyingine.

Kwa hiyo nakataa hoja kwamba kupenda wimbo usiouelewa ni kudharau lugha ya mwenye wimbo. Kwa hoja hiyo sisi Waha tungekuwa wadharau wakubwa kuliko wote. Mtu anaweza kuupenda wimbo kwa sauti tu, na upendo huo ni wa kweli. Ila tulipoimba Kihaya kwa kubahatisha, tulijua kwamba ni Kihaya. Picha ya Saida ilikuwa kwenye jalada la kaseti. Ukikutana na mwalimu kutoka Bukoba, unaweza kumuuliza anasema nini pale, na akakuambia, na mara nyingine akacheka kwanza. Kutoelewa kwetu kulikuwa na njia ya kutokea.

Ndipo Kiswahili kikapata zamu yake. Oktoba 2005 ilitoka gemu ya Civilization IV, ambamo mchezaji anaongoza taifa kutoka enzi za mawe hadi safari za anga za juu. Msanifu wake mkuu, Soren Johnson, alikuwa amesoma Stanford, Marekani, na mwenzake wa bwenini alikuwa Christopher Tin, mtunzi mwenye asili ya China. Johnson alimwomba Tin wimbo wa kufungulia gemu. Tin alitunga "Baba Yetu", ambao maneno yake ni Sala ya Bwana kwa Kiswahili, na katika gemu ukaimbwa na Talisman, kwaya ya wanafunzi wa Stanford. Baadaye aliurekodi upya na Soweto Gospel Choir wa Afrika Kusini kwa albamu yake ya mwaka 2009, Calling All Dawns. Februari 2011 wimbo huo ulipata tuzo ya Grammy, na ukawa muziki wa kwanza uliotungwa kwa ajili ya gemu kupata tuzo hiyo.

Nilikuwa Dar es Salaam nilipousikia mara ya kwanza, kwa masikio ya mtu aliyekulia kwenye kwaya. Nilisisimka. Ni wimbo mzuri, na sidhani kama kuna haja ya kuficha hilo kwa kuongeza "lakini" haraka. Watu wa mataifa mengi wanaupanga jukwaani na kuimba Kiswahili kwa bidii, vijana wa Korea, wa Ujerumani, wa Brazili, irabu zikiwa safi kabisa.

Kisha masikio yangu yakaanza kufanya kazi yake ya kawaida, ambayo ni kuelewa. Waimbaji wanamtaja Yesu katikati ya kumwita Baba. Sala hii, katika Mathayo sura ya 6, ni Yesu mwenyewe anawafundisha wanafunzi wake jinsi ya kumwomba Baba. Jina lake halimo. Mtu aliyejifunza sala hiyo akiwa na miaka mitano, kwa kupigwa jicho na mama pale anapokosea, hawezi kulipita hilo bila kugeuza shingo. Tena kuna jambo la mahali. Skrini inaonyesha dunia yote, piramidi, meli, roketi, na wimbo unakuja kama sauti ya binadamu wote tangu mwanzo. Kiswahili kimepewa kazi ile iliyokuwa ya Kilatini kwa Sephiroth: kuonyesha ukubwa na ukale. Kwangu Kiswahili ni lugha ya risiti, ya ujumbe wa kukumbushwa deni, ya tangazo la mtoto aliyepotea stendi. Mzungu anasikia mapambazuko ya ubinadamu, mimi nasikia Jumapili asubuhi na viatu vinavyobana.

Sisemi kwamba mmoja wetu anakosea. Yeye anapata wimbo usio na maneno, mimi napata wimbo wenye maneno, na ni nyimbo mbili tofauti kwenye sauti moja. Jambo ambalo "Baba Yetu" ilinipa, na ambalo katriji ya 1998 isingeweza kunipa, ni kukaa upande wa wenye lugha. Nilijua sasa mtoto yule wa Ujiji angejisikiaje akifika hekalu la moto. Na niliona pia kwamba Tin alikuwa ametembea mbali kuliko wale wa CD za sampuli. Alichukua andiko ambalo kila mtu anaweza kulifuatilia hadi kwenye chanzo, akawapa waimbaji hai, akaandika majina. Mlango ulikuwepo. Niliingia, nikaona picha imening'inizwa kombo kidogo, nikakaa hata hivyo.

Miaka michache iliyopita jambo hili lilitoka kwenye kusikiliza likaingia kwenye kazi. Kampuni moja ya nje inayouza maktaba za sauti kwa watengenezaji wa gemu na filamu ilitafuta mtu wa kuwarekodia sauti za Afrika Mashariki. Orodha yao ilikuwa na mvua, soko, wadudu wa usiku, na kifungu kimoja kilichosema wanataka wanawake wa kijijini wakiimba, maneno si muhimu. Malipo yalikuwa mazuri. Nilisafiri nyumbani Buhigwe na kinasa sauti, wakati wa kupura maharage.

Shangazi yangu ndiye mwimbaji wa ukoo. Nilimsalimia, nikamweleza ninachokitaka, na akaimba wakati anapiga maganda kwa fimbo, wenzake wakiitikia. Ni wimbo wa kazi, wa Kiha, na humo anamsimanga mkwe mmoja aliyeshuka Kigoma mjini kutafuta mahari na hakuonekana tena. Sauti yake ni nzito na ina mkwaruzo, inapanda mwishoni mwa kila mstari kama mtu anayepandisha ndoo. Nilijua nikiwa bado nimevaa visikizio kwamba hiyo ndiyo sauti wanayoitafuta. Ukiishusha na kuiwekea mwangwi, ingejaza hekalu lolote.

Tulipopumzika aliniuliza, "Huko unakoipeleka, kuna Waha?"

"Hapana, shangazi."

"Sasa watajuaje kama ninamsema mkwe?"

Nikamwambia hawatajua, watasikia sauti tu. Akafikiri kidogo, akachambua maharage mabovu na kuyatupa kando. "Basi mtu akifa kwenye huo mchezo wao wataniweka mimi," alisema. "Watadhani nalia."

Hakuna mwanazuoni wa muziki ambaye amewahi kunieleza suala hili vizuri zaidi. Wimbo wake ni wa kucheka. Katika maktaba ile ungeandikwa kwa namba, kwenye kundi la maombolezo au la mambo ya kale, na mtunzi wa Stockholm au Seoul mwenye haraka angeuchukua kwa nia njema kabisa na kuupachika mahali ambapo mtoto anazikwa. Niliwaandikia wale jamaa nikipendekeza rekodi iende na jina la mwimbaji, lugha, maneno na maana yake kwa ufupi. Walijibu kwa adabu kwamba mfumo wao hautumii majina ya waimbaji. Faili zinakwenda kwa namba. Niliwauzia mvua. Niliwauzia pia wadudu wa usiku, fimbo zikipiga maganda, na maharage yakipepetwa kwenye ungo, sauti ambayo ni nzuri kuliko unavyodhani. Shangazi hakwenda. Fedha iliyopungua niliihisi mwezi ule na uliofuata.

Zipo njia nyingine, na watunzi wa kizazi kilekile waliziona. Keiichi Okabe, mmoja wa waliotunga muziki wa Tekken 3 niliouchezea bila kuusikia, alitunga mwaka 2010 muziki wa gemu ya Nier. Mwimbaji wake, Emi Evans, hakuazima lugha ya mtu. Alibuni zake, akichukua lugha zilizopo na kuwaza zingekuwaje baada ya miaka mingi sana. Mchezaji anapata kile kile ambacho gemu za 1997 na 1998 zilikuwa zinakitafuta, sauti ya mtu inayosema jambo zito lisiloeleweka, na hakuna mtu mahali popote anayesikia sala yake au mkwe wake ndani yake. Naiheshimu njia hiyo. Lakini sitaki iwe njia pekee, kwa sababu ingemaanisha kwamba Kiha, Kibembe na Kihaya vibaki nje ya gemu daima kwa kuwa ni hai mno.

Siku hizi wapo vijana wa Tanzania na Kenya wanaotengeneza gemu kwenye kompyuta zao, na baadhi yao huniuliza watapata wapi sauti. CD za sampuli za miaka ya tisini zimekuwa mafaili ya kupakua, mengi yake ya bure, na vipande vya wanaume wanaosali na wanawake wa mahali popote vimo humo tele. Ninawajibu kwamba kabla ya kupakua watumie siku moja kumtafuta mtu anayeimba, wamuulize anaimba nini, waandike. Siku moja inatosha, na soda.

Rekodi ya shangazi ninayo. Binamu zangu wanayo kwenye simu, na huisikiliza hadi kwenye kipande cha mkwe, hapo wanairudisha nyuma. Nilipomuuliza kama anaruhusu niitumie siku nitakapopata gemu inayomfaa, alikubali bila kusita. Alikuwa na sharti moja, kwamba nilikate jina la yule mkwe, kwa sababu mwaka jana alirudi, na mahari ameshalipa.